Ule Mfuko wa Kamera Uoshwe kwa Sabuni

Garissa, mtaa wa Halima

Hirsi,

Ile picha usiipeleke kwa wazee. Nasema hili kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Ukishasikia salamu unaona barua imekwisha, unainuka kwenda chai. Kaa chini. Mwache Yusuf asome. Na wewe Yusuf, mjukuu wangu, soma neno kwa neno, na penye maneno makali usitie sukari. Mgeuzie babu yako kwa Kisomali akikwama. Mimi kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kwenye darasa la ngumbaru, wakati huyo babu yako alikuwa akipita dirishani ananicheka. Aliyecheka leo anasomewa.

Asalaam aleikum, walaal, ndugu yangu, wewe na nyumba yako yote. Natumaini ngamia jike aliyekuwa akichechemea amepona, na natumaini goti lako pia, ingawa ngamia anafanya kazi zaidi yako. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Daktari amenisafisha jicho la kulia, ametoa lile wingu lililokuwa limekaa miaka. Nilipofunguliwa kitambaa kitu cha kwanza kuona ni Halima binti yangu amezeeka. Nikamwambia. Akalia kidogo, kisha akaniletea chai.

Mji huu hauna cha kukusifia. Joto linakaa ndani ya nyumba pamoja na sisi kama mgeni asiyeaga. Maji ya bomba yananuka dawa. Maziwa ya ngamia wanauza kwenye chupa zilizokuwa na soda, na mwenye kuuza anakuapia ni ya asubuhi. Wale korongo wakubwa wenye vipara wanasimama juu ya takataka kama makarani wanaosubiri saa ya chakula. Nimemwambia Halima, jicho la pili likishatengenezwa sikai hapa hata siku ya kufua nguo. Nataka kurudi nyumbani ninywe maji ya kisima cha baba. Na ndiyo maana naandika, kwa sababu unataka kukipoteza kabla sijafika.

Ulinipigia simu, nikauliza swali moja, ukasema mtandao umeenda. Mtandao ulikuwepo mpaka nilipouliza. Barua haikatwi. Dereva wa gari la miraa ataiweka mkononi mwako, na nimemwambia akuangalie ukiifungua.

Nianze mwanzo, kwa sababu kichwa chako siku hizi kinaingiza na kutoa.

Jirani yetu Gedi anasema kisima ni cha baba yake. Gedi ni mkaidi, lakini mwongo si mwongo. Baba yake alivuta udongo siku kisima kinachimbwa, akamsimulia mwanawe, na mwanawe amekua na hadithi hiyo mpaka imekuwa kisima. Baba yetu alipojenga ukuta wa mawe ndani, alichonga chapa ya ngamia wake kwenye jiwe moja la chini: upinde unaotazama chini, na mstari mmoja unaoukata. Mimi nilikuwa humo ndani. Nilishushwa kwa kamba kwa sababu nilikuwa mdogo na mwepesi, nikalishika lile jiwe baba akilikaza. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama, hujaachishwa kunyonya.

Haya niliwaambia wazee mwaka huu kwa mdomo wangu. Wakasema, mama, ulikuwa mtoto, na sasa macho yako hayaoni. Wakasema wanataka kuona chapa. Mvua imeleta maji mengi, jiwe limezama, na kila mkiyateka yanarudi. Sawa. Wakasema picha itatosha. Neno langu halitoshi, lakini picha inatosha. Mtu aliyekuwa ndani ya kisima haaminiwi, ila kamera ikiingia dakika moja inakuwa shahidi. Nilimeza hilo. Nilimeza kwa sababu ya mifugo, maana Gedi akipewa kisima, ngamia wetu watasimama nyuma ya wake mpaka jua lizame, na sisi tutaomba ruhusa ya kunywa tulichochimba.

Mkaniagiza mfuko wa plastiki wa kuingizia kamera majini. Mimi, na jicho moja limefungwa, nikaenda sokoni na Halima, kwenye kibanda cha kijana anayeuza vifuniko vya simu. Nikaushika ule mfuko. Laini, unaona ndani, mdomo wake unajifunga kwa kipande kigumu.

"Hii ni ngozi ya nini?" nikamuuliza.

"Ni plastiki, mama."

"Plastiki ndiyo imeniulia mbuzi. Wanakula, inawaziba tumbo."

"Hii si ya kuliwa, mama. Hii hata uogelee nayo."

"Mimi naonekana mtu wa kuogelea?"

Halima akanikanyaga mguu. Yule kijana hakukasirika. Akatia kipande cha tishu ndani, akautoa upepo kwa kuukamua, akaufunga, akauzamisha kwenye karai akaweka jiwe juu. Akasema kaa, unywe chai, uone. Nikanywa chai yake yote pamoja na ya Halima. Alipoutoa, tishu ilikuwa kavu kama nilivyoiona ikiingia. Sikumsifu, lakini nilinunua. Akatuonya mara ya mwisho: usiguse kile kioo cha mbele kwa vidole, usiweke mafuta, usiweke karibu na moto. Maneno hayo Halima alimwambia Yusuf kwenye simu, na Yusuf anasema alikuambia wewe, na wewe ulikuwa unaswaki meno.

Sasa tufike kwa mke wako.

Dahabo, najua umekaa hapo nyuma ya pazia. Sikiliza. Mama yetu alitufundisha kwamba chombo kigeni hakiingii kisimani mpaka kifukizwe na kupakwa samli, ili maji yasishike harufu. Hiyo ni desturi yetu na naiheshimu kuliko wewe. Lakini mama alisema ngozi, na alisema mti. Ngozi inakunywa, mti unakunywa, ndiyo maana unaushibisha samli usinywe maji. Plastiki inakunywa nini? Ulichukua mfuko niliokuletea kwa jicho moja, ukaushika juu ya chetezo mpaka ukawa na rangi ya chai, kisha ukatia mkono ndani ukapaka samli kila upande, na ule upande wa kutazamia ukaupaka kwa dole gumba, ukausugua vizuri. Nimejuaje? Ulimwambia Halima mwenyewe, kwa kujisifu. "Nimeutengeneza kama kibuyu cha bibi harusi," ulisema.

Yusuf akauona umekuwa na ukungu. Akasema, bibi, hapa hapaonekani vizuri. Mkamwambia pataonekana ndani ya maji. Mtoto wa watu anapiga picha harusi za Wajir nzima, ndiyo kazi yake, na mkamnyamazisha ninyi msiojua kamera inatazama kwa upande gani. Akatia ile kamera yake ndogo, akaipanga ijipige yenyewe, akafunga tochi pembeni na jiwe chini, akaishusha kwa kamba.

Kisha ukanipigia, Hirsi. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Abaayo, dada yangu, tumeshinda. Chapa ya baba imeonekana kama jua."

"Upinde unatazama wapi?" nikakuuliza.

"Unatazama juu."

"Wa baba unatazama chini."

Ukanyamaza. Kisha ukasema, "Maji hugeuza vitu."

Hapo ndipo mtandao ulipoenda.

Maji hugeuza vitu. Umekunywa maji hayo tangu kuzaliwa, yamekugeuza nini?

Halima alinifungulia ile picha mliyomtumia kwenye simu yake. Nilikaa nayo mlangoni, penye mwanga, kwa hili jicho jipya. Niliona uchafu wa rangi ya asali. Katikati niliona mistari mingi imejikunja, mmoja ndani ya mwingine, na mstari mmoja mnene umeikata. Nikasogeza simu mbali, nikaisogeza karibu. Jiwe halina mistari ya namna hiyo. Na baba alikuwa na nyundo, hakuwa na sindano.

Nikamwambia Halima, lete samli. Paka kidole gumba, bonyeza kwenye kioo cha dirisha. Akabonyeza. Tukaweka simu pembeni ya dirisha. Halima alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka.

Hirsi, chapa uliyoiona ni dole gumba la mke wako. Kamera ilishushwa kwenye maji ya tope, haikuona kitu mbele yake, ikatazama kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni samli ya Dahabo. Na ule mstari unaokata ni kovu lake. Nalijua kovu hilo, maana mimi ndiye niliyemfunga kidole siku alipojikata na kopo, kabla hata hajazaa mtoto wa kwanza. Nilirarua shali yangu mpya. Umeishi na kidole hicho, kinakupakulia chakula kila siku, na hukukitambua. Mimi wa mbali, mwenye jicho moja, nimekitambua.

Na mbaya si ujinga. Ujinga tumezoea. Mbaya ni kwamba wakati nilipouliza upinde unatazama wapi, ulijua. Nilisikia ulivyonyamaza. Ulijua kuna kitu hakikai sawa, ukaamua maji ndiyo yamegeuza, kwa sababu watu walikuwa wameshakushangilia na mbuzi ameshachinjwa. Ijumaa baada ya swala wazee watakaa, na watakutaka uweke mkono juu ya Kitabu useme hii ni chapa ya baba yako. Utaapa juu ya kidole cha Dahabo? Tena wajukuu wa Gedi wana simu. Mmoja ataikuza ile picha kwa vidole viwili, ataiona, na siku hiyo tutapoteza kisima, na jina la baba litachekwa kila penye hori ya maji. Na jiwe lenyewe la kweli litakuwa bado limekaa chini, haliendi kokote, linatusikia.

Halima anasema niandike kwa upole. Huu ndio upole.

Sasa utaniuliza, na kama kweli tukipiga picha safi na chapa haipo? Miaka imepita, mawe yanalika. Nimelifikiria hilo usiku na mchana, na sikupenda nilichofikiria, lakini nimemaliza. Kama haipo, kisima ni cha Gedi. Nitarudi, nitachukua mtungi wangu, nitasimama kwenye foleni yake na nitamsalimia. Nitaweza. Kunywa maji ya kuomba naweza. Kunywa maji ya kiapo cha uongo siwezi, na wewe hutayanywa mbele yangu. Lakini ipo. Niliishika kwa mikono hii, na nikichoka kuamini macho yangu sijachoka kuamini mikono.

Yule kijana wa sokoni nilirudi kwake. Nilitaka kumgombeza kwa ajili yenu, kisha nikaona aibu, kwa sababu mfuko wake haukukosa. Maji hayakuingia hata tone na kamera ya Yusuf ni nzima, pamoja na yote mliyoufanyia. Nilimweleza habari za samli na chetezo. Akanitazama sana. Akauliza, "Mama, huko kwenu kamera inachinjiwa pia?" Nikamwambia auze vifuniko vyake, aache habari za kwetu.

Nisalimie mjane wa marehemu kaka yetu, mwambie dawa ya kifua aliyoagiza nimeipata. Nisalimie mwalimu wa madrasa, na mkwe wetu anayeuza chai karibu na hori, yule asiyejua kuchemsha maziwa. Nisalimie watoto wote wanaoniita ayeeyo, bibi yao, hata wale wanaonikimbia. Dahabo namsalimia pia. Najua amenuna. Mkono wako si mbaya, Dahabo, ila upeleke kwenye vibuyu.

Hili ndilo mtakalofanya. Yusuf, wewe mwenyewe, mfuko uoshe leo, ndani na nje, kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mpaka kioo kiwe kama kilivyotoka Garissa. Uanike kivulini. Utie tishu, uzamishe kwenye karai, unywe chai, uangalie. Subiri asubuhi mapema kabla mifugo haijavuruga maji, ushushe polepole mpaka karibu na mawe ya chini, upande wa machweo, kwa sababu ndiko nilikokuwa nimesimama. Ile picha ya kidole ifute kwenye kila simu, na watu walioonyeshwa waambiwe ni kidole.

Na wewe Hirsi, vaa viatu sasa hivi uende kwa Gedi. Usitume mtoto. Mwambie ulikosea, umwombe aje kisimani, na atakapokuja, kamba aishike yeye.

Mimi dada yako mkubwa,
Shamsa