Kufuli Uliloliweka Chumbani kwa Mama

Kwako Kaka,

Pokea kwanza salamu za mdogo wako, kabla hujafika kwenye maneno yatakayokuudhi. Wifi hajambo? Watoto je, yule mdogo kikohozi kimemwacha? Huku mwili ni mzima. Moyo ndio umenifura, na leo sina haja ya kuuficha.

Jumatatu asubuhi nilitoka nje nikawakuta mabinti tisa wa lile shirika la viziwi wamesimama mbele ya chumba cha cherehani, aproni wameshavaa, wanalitazama kufuli jipya. Kumbe Jumapili, kabla hujapanda basi, ulipitia dukani. Mwalimu wao aliniuliza kama wamekosea siku. Mabinti wale hawasikii, Kaka, lakini kufuli halihitaji kuelezwa. Niliona haya nikakosa pa kuuweka uso.

Chumba kile na cherehani zake nne Mama amewaachia wao katika wasia. Nyumba yote iliyobaki ni yako na yangu, wala hukutosheka. Wasia uliposomwa ulimnyooshea kidole mkuu wa shirika, mama wa watu, ukamwita mwizi wa vikongwe. Ukasema Mama alikuwa amerukwa na akili, hakujua anatia sahihi wapi.

Amerukwa na akili! Uliusikiliza kweli? Alimtaka wakili aandike kila cherehani kwa jina lake na ugonjwa wake: kwamba Mkaidi huruka mishono ukiukaza uzi, kwamba Bibi Harusi asitiwe mafuta mengi maana huyatapika kwenye kitambaa cheupe. Aliagiza hata mabinti waache pindo la vidole vitatu ndani ya kila sare, kama alivyofanya yeye miaka yote, mtoto akikua nguo ifumuliwe iongezwe. Aliyerukwa na akili hakumbuki hayo. Wewe mwenyewe ulivaa suruali moja madarasa matatu kwa sababu ya pindo hilo.

Na unauliza kwa nini wao. Miguu ilipomkataa Mama, mabinti wale ndio waliokuja kila Jumanne na Ijumaa kunisaidia kumgeuza na kumwogesha, naye akawafundisha kwa ishara akiwa kitandani. Wewe ulikuwa unapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Miaka minne ya ugonjwa, kisha ukaja siku tatu, ukamshika mkono, ukamwambia utamjengea chumba kwako. Leo unataka kufungua duka la simu mahali pake. Usinichekeshe mimi.

Sasa tafuta kiti ukae. Hili nimelimeza tangu tumzike, wiki saba, na linanikaba.

Ulipoondoka baada ya siku zako tatu, Mama aliniita. Alisema mwanawe amerudi, nikamwite wakili abadilishe wasia, chumba uachiwe wewe. Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la ofisini kwake mpaka karani akaniuliza shida yangu, nikamjibu kwamba nimekosea mlango. Nikarudi nikamwambia Mama wakili amesafiri. Akasema basi atasubiri. Kila asubuhi aliniuliza kama amerudi, nami kila asubuhi nikamwambia bado. Siku ya tano hakuamka kuuliza.

Kwa hiyo unayoyapigia kelele ni uongo, lakini unachokidai Mama alitaka ukipate. Nina hasira nawe kwa kumlainisha. Nina hasira na Mama kwa kulainika kwa siku tatu, mimi niliyembeba miaka minne hakuniuliza hata naonaje. Na nafsi yangu mwenyewe sijui niifanyeje. Siombi msamaha, maana sijui kama ningekwenda tena ningeingia.

Barua hii mpelekee wakili ukipenda. Sahihi yangu iko chini na sitaikana. Lakini ukienda, nenda na ufunguo wa lile kufuli, umweleze kwa mdomo wako chumba ulichomwahidi Mama ulikuwa umeanza kukijenga wapi.

Nisalimie sana wifi, na watoto wote mmoja mmoja. Yule mdogo mwambie sare yake nimeimaliza na nitaituma wiki hii. Mama aliikata akiwa kitandani, mimi nimeishona tu. Pindo limo.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Kitindamimba