Kiti Kilichokaliwa na Mkoba

Mdogo wangu mpenzi,

Goti lako linaendeleaje? Langu nalo limeanza kuuma, kwa wivu tu. Mengine sijambo, ukiacha meno mawili yaliyohama bila kuaga.

Barua yako niliipata, ile ya kuuliza kama uje tuishi wote sasa wanao wamejitegemea. Najua umesubiri jibu hadi umechoka. Nilianza kukujibu, mara nikajikuta naandika kurasa na kurasa juu ya haki ya mwanamke kukaa kivyake. Mama angesema, mtu kaulizwa njaa, anajibu bei ya sufuria.

Wiki iliyopita chuo kilinialika kunitunukia nishani kwa ajili ya vitabu vyangu. Wasichana walinipokea kwa jina walilonibandika, Bibi Hoja, wakakariri kwa pamoja ile sentensi yangu kwamba mwanamke anayeishi peke yake hajapungukiwa na kitu. Mmoja akaniambia ameiandika ukutani juu ya kitanda chake. Kichwa kikanivimba, kidogo nishindwe kupita mlangoni.

Mstari wa mbele nilipewa viti viwili, changu na cha familia. Cha familia nikakiwekea mkoba. Ukumbi ukajaa, watu wakasimama, na mhudumu akaja kuniuliza kwa adabu kama kile kiti kina mtu. Mimi, niliyebishana na mawaziri bila kumeza mate, nikamjibu kwamba mdogo wangu yuko njiani. Akasema basi, mama, tutamsubiri. Akakilinda mpaka mwisho. Kila mlango ulipolia aligeuka kukutafuta. Nami nikawa nageuka.

Sentensi yangu siifuti. Hajapungukiwa, kweli. Ila nilipoiandika tulikuwa tukilala chumba kimoja. Nilikusomea kila ukurasa, na ulipoanza kukoroma nilijua hapo pamechosha, nikapafupisha. Watu wanausifu ufupi wa vitabu vyangu. Hawajui ni mkoromo wako. Hiki cha sasa kinanenepa tu, hakuna wa kukisinzia. Jioni nakisomea friji, nayo inanguruma hata penye maneno matamu.

Basi jibu langu ni njoo. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, vibaya, utaona mwenyewe.

Wanao wabusu kwa niaba yangu, na yule jirani yako msengenyaji mwambie bado nipo. Mbele za watu nimeshasema uko njiani. Usinifanye mwongo.

Ni mimi dada yako,
Bibi Hoja, niliyeishiwa hoja