Koti la Maabara

Shoga, nimejifungia chooni hapa chuoni.

Mkuu wa idara ya fizikia, ninakoomba nafasi, kaangalia matokeo yangu: fizikia A, hesabu D. Akaniuliza, "Nani alikufanyia mtihani wa fizikia?"

NANI ALIKUFANYIA! Mimi, shoga!

Akanipa chaki nikokotoe mwendo wa jiwe linaloanguka. Kichwa kikawa cheupe. Nikamchorea tu linavyozidi kushika kasi.

Akatazama weee, akasema, "Fizikia unaiona, hesabu huna. Hapa utazama. Nenda kile chuo kidogo cha jirani, wanaanza na mwaka mzima wa hesabu."

Na hajakosea. Hapo ndipo ninapoogopa.

Mama yuko getini, namwona dirishani. Kashanunua koti la maabara lenye nembo ya hapa. Kalivaa yeye, mlinzi anampiga picha.

Natokaje?