Wenzangu Wako Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla kichwa changu hakijapasuka, maana nimeshauliza watu wawili nikapewa majibu mawili, na langu mwenyewe ni la tatu, na kila nikiondoka kwa mmoja naona huyo ndiye yuko sahihi mpaka nikutane na mwingine, na mimi si mtu wa kuandika magazetini, ukurasa wako huwa nausoma nikiwa kwa msusi tu, ila sasa nimefika mwisho.

Mimi ni mwanamke, kazi yangu ni fundi wa friji za chanjo, zile za sola zinazowekwa kwenye zahanati za mbali ambako umeme haujafika, friji ikizima wananiita, nabeba begi langu la vifaa naenda, gari linanifikisha pale barabara inapoishia na dereva wa ofisi anabaki hapo hapo kwa sababu ofisi inasema gari lisiachwe peke yake, yaani gari lina mlinzi ila mimi sina, na kutoka hapo ni miguu yangu na pori, simu haishiki mtandao na unaweza kutembea mpaka jua ligeuke hujakutana na mtu.

Mama yangu mkubwa ndiye aliyenilea, na yeye alizunguka vijijini miaka mingi akiuza nguo, akiwa peke yake, na hakuna aliyemgusa, basi nilipopata kazi hii alinikalisha chini akaniambia mwanangu, usitembee umeziba masikio na miziki yako, usimwambie mtu utalala wapi, na mwanamume akikuuliza njiani uko na nani, usisite hata kidogo, mjibu “wenzangu wako nyuma, wanakuja,” na ukishasema usiongeze neno. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi mpaka inatoka yenyewe kama salamu, na haijawahi kunitupa.

Sasa siku hiyo nilikuwa nimeshavuka mto, ambao ulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu tu, nikakanyaga mawe nikapita, mbele kidogo namwona mwanamume anakuja, mtu mzima, panga mkononi, kamba begani, uso na mikono imejaa masizi, na pale njia ni nyembamba huku kichaka na huku kichaka, bisibisi nilikuwa nimeificha kwenye mkono wa sweta, nikaishika. Akanisalimia vizuri tu, akasema, “Binti, wewe ndiye fundi? Nesi kanituma nije nikupokee.” Mshauri, mimi nikajiambia, si ndivyo atakavyosema mtu mbaya? Atakuja aseme nimekuja kukuteka? Nesi hakuwa ameniambia habari ya mtu wa kunipokea. Akaniuliza, “Umekuja peke yako?” Na mimi nikajibu, “Wenzangu wako nyuma, wanakuja.”

Hapo ningenyamaza kama nilivyofundishwa, lakini yeye akaangalia mawingu ya upande wa milimani, akaniuliza, “Wangapi?” Nikasema wawili, wanaume. “Mto wanaujua?” Nikasema hawaujui, ni wageni kama mimi. “Nitawajuaje?” Mimi nikaona huyu anataka kuwapima ubavu, nikamwambia mmoja aliwahi kuwa mwanajeshi, mrefu sana, kavaa koti jekundu. Wallahi sijui koti lile lilitoka wapi kichwani mwangu. Akasema, “Huko juu imenyesha, maji yanashuka muda si mrefu. Wewe nenda na njia hii usiiache, utaona bati la zahanati. Mimi ngoja niwawahi.” Akanipita, akashuka kule mtoni karibu anakimbia, na mimi nikasimama namwangalia mgongo, na nitakuambia ukweli kwa sababu hunijui: nilifurahi. Nilimshukuru Mungu na mama mkubwa.

Nafika zahanati, nesi ananipa chai, ananiuliza, “Hukukutana na mrina asali wangu? Nilimtuma akupokee, nikakutumia na ujumbe, sijui kama ulifika.” Nikasema nimekutana naye, amerudi mtoni kuwangoja wenzangu. Nesi akasema, “Aa, kumbe mko wengi, vizuri.” Na mimi nikanywa chai, mshauri. Niliona aibu kusema. Nikajiambia akiona hawaji atarudi mwenyewe. Nikafungua friji, nikakuta waya umetafunwa na panya, nikaanza kuunga, na nilikuwa sijamaliza niliposikia kelele nje, watu wanamleta kwenye machela ya miti, amelowa chepechepe, mguu umevunjika vibaya na mbavu zimeumia.

Waliomtoa walikuwa kando ya mto, wakasema maji yalikuwa yameshajaa, yeye amesimama kwenye jiwe anaita watu ambao hawaonekani, halafu akaona kitu chekundu kimenasa kwenye matawi katikati ya maji, akajifunga kamba kiunoni akaingia, huku anapiga kelele, “Shika mti! Shika mti!” Kilikuwa beseni la plastiki.

Kesho yake maji yalipopungua alivushwa, na sasa amelazwa hapa hapa mjini kwetu, nimekwenda kumwona, na mkewe alinikumbatia akanipisha kwenye stuli yake. Mzee mwenyewe hakuniuliza habari ya mguu wala nini, aliniuliza, “Wenzako walivuka?” Nikasema walipita njia nyingine. Akaniangalia, akasema, “Njia nyingine hakuna, binti.” Nilipotoka mkewe akanifuata kwenye korido akaniambia mzee hapati usingizi, anaamini wale vijana wamekufa maji na sisi tunamficha kwa sababu ni mgonjwa, na ameshamwagiza mdogo wake na watu wa kwao washuke na kingo za mto wawatafute wazikwe, na mto umejaa tena, na wameshaanza kutafuta.

Nilimwendea mama mkubwa, akasema uongo wa kujilinda si uongo, wewe umerudi salama ndilo nililotaka, nyamaza, litapita. Dereva wa ofisi ndiye pekee mwingine anayejua, huyo amekwenda mitumbani akanunua koti jekundu, linambana kwapani lakini anasema halitaonekana akiwa amekaa, twende wote hospitali, yeye atakuwa yule mwanajeshi, aseme tuligeuka kabla ya kufika mtoni, mwenzetu wa pili yuko likizo, mzee atulie, ndugu zake waambiwe waache kutafuta, na kila mtu apone. Na mimi usiku naona hilo ndilo jambo jema kuliko yote, asubuhi naona ni upuuzi. Nikisema ukweli, watu wa kule hawatampokea mgeni mwingine tena, na mimi lazima nirudi, ule waya niliunga kwa muda tu. Na hata sijui kosa langu ni lipi, kwa sababu mtu yule yule, panga lile lile, nikikutana naye kesho bila kumjua, nitamjibu vile vile. Je, nilikosea kumwogopa? Nilikosea kusema? Au nilikosea koti tu? Niende na dereva au nisiende? Nijibu haraka, naomba usitaje ninakotoka, na mimi sijakutajia.

Wako, fundi wa friji niliyechanganyikiwa.

MSHAURI ANAJIBU

Dada fundi, barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na sikuimaliza kabla ya kushika simu. Namba uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga, inaita haipokelewi. Nimekutumia ujumbe: “Waambie watoke mtoni.” Hujajibu. Hospitali hukuitaja, mto hukuutaja, na ungevitaja ningekwenda mwenyewe na viatu vyangu hivi vya ofisini. Kwa hiyo imebidi nipige magoti kwa mhariri anipe nafasi ya leo, nami nakujibu kwa hasira kidogo, univumilie.

Umeniuliza kama ulikosea kumwogopa. Hukukosea. Uko porini, peke yako, mbele yako kuna mwanamume mwenye panga usiyemjua. Wema haujaandikwa usoni, na masizi ya moshi wa nyuki hayana tofauti na masizi mengine. Asikulaumu mtu kwa hilo, na wewe usijilaumu. Sentensi ya mama mkubwa nayo ni nzuri, na wasichana wanaonisoma waikariri leo hii. Lakini mama mkubwa alikwambia ukishasema usiongeze neno, na alijua anachosema. Uongo wa kujilinda unatakiwa uwe mfupi. Wewe uliuongeza urefu, ukaupeleka jeshini, ukauvalisha koti. Ukishauvalisha koti, utatembea.

Hata koti nakusamehe, hofu ina mdomo wake. Uliponikera ni kwenye chai. Pale zahanati ulikuwa umeshafika, mlango una komeo, nesi yuko mbele yako, amekwambia kwa kinywa chake kwamba yule mtu ni wake. Hatari ilikuwa imekwisha. Ile sentensi ilikuwa imemaliza kazi yake, na ulitakiwa kuitua hapo hapo mlangoni pamoja na begi, useme, “Nesi, mkimbilie, sina mwenzangu yeyote.” Mtu mwepesi wa mbio angefika mtoni kabla ya lile beseni. Ulinyamaza kwa kuona aibu, dada yangu, si kwa hofu, na hilo unalijua ndiyo maana hulali. Sikusemi ili nikuumize. Nakusema kwa sababu sasa hivi unalirudia kosa lile lile, unakunywa chai watu wakiwa mtoni.

Dereva wako ana moyo mzuri na akili za kuazima. Koti alirudishe alikolitoa. Mzee yule ni mtu aliyemwuliza mgeni “nitawajuaje,” unadhani atashindwa kumwuliza mwanajeshi wenu maswali matatu? Njia ya mwongo ni fupi, na hii itaishia ukingoni mwa kitanda, mkewe akisikia. Tena umeniambia mwenyewe alivyokuangalia ulipomdanganya habari ya njia nyingine. Mtu huyo anaijua nchi yake.

Nenda hospitali. Usianze na mzee, anza na mkewe pale pale kwenye korido, kwa sababu yeye ndiye mwenye namba ya shemeji yake. Sema: “Mama, hakuna aliyekufa. Mwambie shemeji atoke majini sasa hivi.” Ngoja mpaka apige simu mbele yako, na kama kule simu haishiki, nesi atakuwa na mtu wa kutuma, nawe mtafute nesi kwa njia zote. Maelezo yatafuata. Kisha ingia kwa mzee, usimame, usikalie ile stuli, umwambie: “Baba, sikuwa na wenzangu. Nilikuogopa.” Halafu nyamaza. Usimweleze habari za pori, wala za mama mkubwa, wala usilie ili akuonee huruma, yeye ndiye mwenye mguu. Atakachosema ni haki yake. Akikufukuza, toka, na kesho rudi na uji. Akicheka, cheka ukiruhusiwa. Mimi simjui, lakini mtu aliyeingia kwenye maji kuokoa vijana wa watu, habari kwamba hakuna kijana aliyezama haiwezi kuwa mbaya kwake hata ije na aibu kiasi gani.

Unasema watu wa kule hawatapokea wageni tena. Inawezekana. Waache wakuone ukikiri, ndipo waamue. Wakiujua ukweli kwa kuupata kwenye kingo za mto, kwa mtu wao mwingine kupotea wakitafuta maiti za kufikirika, hapo usiwalaumu wakikufungia njia.

Halafu kuna ofisi yenu, ambayo mimi ningependa kuikalisha kwenye stuli ile. Gari lina mlinzi na mwanamke hana! Mwambie bosi wako, kwa maandishi, kwamba hutashuka tena barabara inapoishia bila mtu wa pili, na kama analipenda gari sana alilinde yeye mwenyewe. Kabla hujaondoka mjini, piga simu zahanati, uliza nani atakupokea, anaitwaje, na mkubaliane neno la kuulizana ambalo mtu wa njiani hawezi kulibahatisha. Mwachie mtu unayemwamini saa ya kutoka na saa ya kurudi. Bisibisi endelea nayo, sina ugomvi nayo. Na mtu akisema ametumwa na huna uhakika, mwambie atangulie mbele umfuate kwa mbali. Mwema hatakasirika.

Umeniuliza uende na dereva au usiende. Nenda naye, akiwa na shati lake la kila siku, kwa sababu ukiwa na mtu mlangoni hutageuka nyuma. Siku ile uliposema una wenzako njiani, mwenzako alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo uliyemtuma mtoni. Mwache dereva nje. Kwa mzee ingia peke yako.

Kama unasoma mpaka hapa na bado hujasema, umenisoma sana. Kunja gazeti, mwachie msusi, nywele zibaki nusu. Nenda.