Sebule ya Kilio cha Mama

Jumatatu, 3 Juni
Tumetoka Kikula, tumehamia mtaa wa Panda. Mdogo wangu Hilaire amenunua nyumba ya Wabelgiji, ile yenye baraza na nyufa. Anasema itakuwa nyumba ya familia, yenye joto. Mimi na Mama tumepewa chumba cha mbele. Mama ameugusa ukuta, akacheka peke yake.

Alhamisi, 6 Juni
Estelle, mke wa Hilaire, ameona sebule ni ndogo. Si kwa wageni — kwa kilio! “Siku Mama atatutoka, Kikula yote itakuja. Tutawakalisha kwa jua?” Basi ukuta wa chumba chetu uvunjwe.
Mama alikuwa palepale, anachambua maharagwe. Akauliza nani amekufa.
“Hakuna muntu, Mama,” Hilaire akasema. “Bado.”

Jumamosi, 8 Juni
Ukuta chini. Vumbi hadi kwenye bukari, ugali wetu. Dunia, fundi wetu, amepanua mlango ili sanduku la maiti lipite bila kuinamishwa. Alimtazama Mama kiunoni, akaongeza kidogo kila upande. Estelle: “Huyu fundi iko na akili!”
Mama atalala boyerie, kijumba cha nyuma Wazungu walichomjengea mtumishi. Karibu, ili asikie akiitwa. Mama hasikii vizuri.
Hilaire kanivuta pembeni, mimi dada yake mkubwa. “Yaya, mufanye Mama akubali. Ile chumba ingine, ya kwa barabara, itakuwa ya kwako.” Nimesema nitafikiri. Kisha nikaenda kupima dirisha lake kwa ajili ya pazia. Miaka yote hii nalala na kikohozi cha Mama!

Jumanne, 11 Juni
Leo karo, vigae vya sakafu. Dunia amechanganya simenti — na Mama yuko katikati ya sebule, juu ya kitanda chake, pochi mapajani. Hatoki.
“Munanitengenezea nafasi muzuri hivi? Basi miye nangojea hapahapa. Mulete viti.”
Estelle analia. Hilaire anasema pole pole, kisha kwa sauti, kisha kwa Kifaransa. Bure.
Halafu Mama: “Adrienne ndiye alikuwa ananigeuza kwa kitanda usiku, wakati nilikuwa mugonjwa. Yeye akisema nitoke, natoka.”
Wote wakanigeukia. Nikasema naenda chooni kwanza. Ndicho chumba pekee chenye kitasa. Niko humu.
Dunia anagonga mlango. “Dada Adrienne! Simenti inakauka!”
Namsikia Mama, taratibu kabisa: “Muache, fundi. Iko anatafuta maneno ya muzuri.”