Mabibo Hayakumlaza Mama

Lukuledi,
Masasi.
4 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba Christopher,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakusihi uisome barua hii peke yako kisha uichome. Asijue mtu, hata watoto wako.

Huko Morogoro hamjambo? Kifua chako kimepungua? Mimi ni mzima wa mwili tu. Dada yako, mama yangu, amelazwa. Kwenye simu nashindwa kusema, kwa kuwa ofisini kila neno lina msikilizaji.

Unajua mimi ni karani kwenye mabanda ya nguruwe ya Bwana Nikolao. Tangu mwaka juzi pumba na mashudu ya nguruwe huchanganywa na unga wa oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, wagonjwa na wazima wote wanalishwa, ili wanenepe upesi. Mwezi wa kumi walianza kuhara. Dawa ikaongezwa, wakahara zaidi, vitoto vikafa.

Msimu huu nguruwe hula mabibo yanayoanguka chini ya mikorosho, na mabibo huwalegeza matumbo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Niliposema aitwe daktari wa mifugo, Alfredi anayewalisha akanicheka: "Karani, nguruwe akilewa mabibo unamwitia daktari? Mbona jirani yako akilewa humwitii?" Wote wakaangua kicheko. Bosi hakucheka. Alisema, "Dorika, mdomo wako ndio mshahara wako."

Waliodhoofu walichinjwa, wafanyakazi tukagawiwa nyama. Mama akaipika. Mimi sikula, nilikuwa nimetumwa Newala.

Alipoanza kuhara na kutetemeka kwa homa, majirani walidhani amelewa pombe ya mabibo, wakamtania: "Mama Dorika, uraka wa mwaka huu mkali, eti?" Mama, ambaye hajawahi kuonja pombe, aliona aibu akajifungia ndani mpaka akashindwa kusimama.

Hospitali wamepima, wamekuta bakteria waitwao salmonela. Dawa tatu zimeshindwa. Jana nilimfuata daktari nikamweleza habari za ule unga. Akasema huenda bakteria hao wamezoea dawa huko huko mabandani. Imebaki dawa moja ya kujaribu, nayo hapa haipo. Wameagiza Mtwara. Aliniambia tuombe Mungu, akageukia dirishani.

Bosi atajua tu kwamba nimesema. Nguruwe wa Krismasi watapakiwa Jumamosi kwenda Masasi na Newala. Daktari amewaarifu watu wa mifugo, wakajibu watakuja wakipata gari.

Mjomba, kwetu neno zito ni la mjomba. Njoo uzungumze na Bwana Nikolao asiwauze nguruwe hao. Sidhani atasikia, lakini mama anakuulizia kila akizinduka.

Nisalimie mkeo, Yasinta na Majaliwa mdogo. Mungu awaepushe na haya tuliyo nayo.

Usipige namba ya ofisi. Mpigie Ziada, muuza uji wa getini hospitali. Namba yake iko nyuma ya bahasha. Usiniulizie mimi, ulizia Mama Dorika. Akikuambia tumesharudi kijijini kwetu Chiwata, usimwulize tena hali ya mgonjwa. Njoo tuzike.

Mpwa wako akupendaye kwa hofu nyingi,
Dorika