Sisimizi Kwenye Mkeka wa Dagaa

Jumanne, baada ya magharibi

Leo Pamba hakukimbia sindano. Nilimvuta ngozi ya shingo, nikamchoma insulini yake, akatulia tuli.

Daktari wa mifugo kule Mwanga alisema tumechelewa, ila paka ataishi tukimtunza.

Tumechelewa! Mimi ndiye niliyechelewa. Wiki tatu nzima paka huyu anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kwenye mkeka ninaoanikia dagaa, nami nampiga kwa kandambili. Hata ndoo nikaifunika asinywe. Sisimizi walipojaa pale mkekani nikawamwagia majivu, nikidhani wamefuata dagaa.

Mama alipokuja kunitembelea hakumaliza hata chai. “Mwanangu, sisimizi wako kwenye mkojo. Hiyo ni sukari. Mimi si nilianza hivi hivi?”

Ugonjwa wa mama yangu mzazi, niliokua nikiuona, halafu mimi...

Sasa bakuli la maji liko wazi kutwa. Lakini Pamba akilifikia husita, kisha hunitazama miguuni, kama nimevaa kandambili.

Siku hizi ndani natembea peku.